Rangi Iliyokolea na Chumvi Iliyokolea: Uhakiki wa Sanaa ya Njiani katika Oyster Bay, Dar es Salaam

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kukaa. Mhakiki huketi na diwani mkononi, akahesabu mizani, akapima vina, akauliza kama kusudi la mshairi limetimia. Kazi hiyo ni njema, wala makala haya hayakusudii kuitia ila. Walakini ziko sanaa zisizomfuata mtu mezani pake. Zamtaka ainuke, avae viatu, aziendee kwa miguu, kwa kuwa hazikai ndani ya jalada. Miongoni mwake ni picha zichorwazo na kuanikwa kando ya barabara, na vyakula vipikwavyo mbele ya macho ya mlaji. Watu huzidhania sanaa hizi mbili kuwa mbali: moja ni ya jicho, nyingine ni ya ulimi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba katika lugha yetu haziko mbali hata kidogo, na kwamba kusahau jambo hilo kumeidhuru moja katika hizo mbili.

Nimechagua Oyster Bay, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, ng'ambo ya mdomo wa Msimbazi. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, ni hapo katika barabara iitwayo sasa Haile Selassie, penye maduka ya Morogoro Stores, ilipoanza aina ya uchoraji inayojulikana duniani kwa jina la Tingatinga. Pili, ni hapo ufukoni, mahali paitwapo Coco Beach, panapokaangwa mihogo ambayo watu wa mji mzima huifuata. Kutoka karai la muhogo hadi kibanda cha picha ni mwendo wa miguu usiomchosha mtu mzima. Hata hivyo, kama nitakavyoeleza, umbali ulio katikati ya wale wanaokula na wale wanaotazama ni mkubwa kuliko mwendo huo.

Yafaa kwanza tukumbuke mahali penyewe palivyokuwa. Wakati wa utawala wa Waingereza mji uligawanywa mafungu matatu: fungu la Wazungu, fungu la Wahindi, na fungu la Waafrika. Oyster Bay ilikuwa katika fungu la kwanza; Kariakoo na Ilala zilikuwa katika fungu la tatu. Mwafrika aliyeonekana Oyster Bay kabla ya 1961 kwa kawaida alikuwa mpishi, mtunza bustani, yaya au mlinzi. Alikuja asubuhi kwa kazi, au alilala katika chumba cha watumishi nyuma ya nyumba. Nyumba zilijengwa mbalimbali, zikielekea bahari, na kila moja ilikuwa na uwanja wake na miti yake. Mtaa wa namna hiyo hauna baraza ambayo mpita njia aweza kuketi. Kwa hiyo sanaa ya njiani isingetazamiwa kuzaliwa mahali kama hapo. Ilizaliwa hapo kwa sababu moja tu: hapo ndipo walipokuwapo wenye fedha za kununua picha.

Anayetoka katikati ya mji kwa miguu siku hizi aweza kupita juu ya Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, ambalo lavuka maji kwa urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja na kumteremsha karibu na ufuko. Nilipita hapo jioni ya Jumapili. Kabla sijaona kibanda hata kimoja, moshi wa makaa ulinijia na harufu ya mafuta ya moto. Muhogo ulikuwa umemenywa, umepasuliwa kwa urefu, umetumbukizwa katika karai. Unapotoka humo una rangi ya dhahabu. Muuzaji huupasua kati kwa kisu, akapaka pilipili, akanyunyiza chumvi, akaweka kachumbari ya nyanya na vitunguu kando yake. Anayetaka nyama huongeza mishkaki, na anayeona kiu huagiza dafu. Hakuna zaidi ya hayo. Chakula chenyewe ni cha maskini, na mmea wenyewe uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Lakini mtu akikuambia leo kwamba muhogo si wetu utamwona hana akili timamu.

Niliketi karibu na mama mmoja mtu mzima aliyekuja na wajukuu zake. Alionja, akasita, akamwita kijana aliyemwuzia.

"Mwanangu, huu umeiva nje, ndani bado. Na pilipili yako ya leo imepooza, haikukolea ndimu."

Kijana hakukasirika wala hakujitetea. "Samahani, mama, nipe nikubadilishie," akasema, akauchukua muhogo akaurudisha katika karai, na bakuli la pilipili akalikamulia ndimu nyingine. Mama alipopata wa pili alitafuna kimya, kisha akasema, "Hapo sawa." Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni, na nilijua kwamba nimesikia uhakiki ulio kamili. Mama alitaja kosa, akalitaja mahali pake, akatumia neno lake hasa, na aliporekebishiwa akatoa hukumu ya haki. Tena alimwambia fundi mwenyewe, na fundi akasikia.

Msomaji na ayatazame maneno yenyewe. Kuiva, kupooza, kukolea: hayakufungwa jikoni hata mara moja. Twasema mwanafunzi ameiva katika masomo, na shairi lililotungwa kwa haraka twaliita bichi. Chumvi hukolea katika mchuzi, sukari hukolea katika chai, ngoma hukolea usiku wa manane, na rangi hukolea katika nguo. Mchuzi usio na ladha ni mchuzi chapwa, na maneno yasiyo na maana ni maneno chapwa. Wazee walioyaeneza maneno haya kutoka chungu hadi wimbo na kutoka wimbo hadi nguo hawakuwa wakifanya mzaha. Walijua kwamba ubora wa kitu kilichofanywa kwa mkono waweza kupimwa kwa kipimo kimoja: je, kilichotiwa ndani kimeenea hadi kati, au kimebaki juu juu? Muhogo uliokaangwa kwa moto mkali huiva nje tu. Picha nayo yaweza kuiva nje tu. Kwa kipimo hicho niliondoka ufukoni kwenda kutazama picha.

Njia ya kutoka Barabara ya Toure kwenda Haile Selassie hupita katikati ya kuta ndefu. Juu ya kuta pana maua na seng'enge, na nyuma yake pana nyumba zisizoonekana. Mtu aendaye kwa miguu huko hukutana zaidi na walinzi na watumishi kuliko wenye nyumba. Ukuta wa namna hii hauzungumzi na mpita njia. Haufanani na kuta za mjini ambazo vijana wanaojiita Wachata, kwa neno chata lenye maana ya alama au nembo, wamezichora kwa rangi za kupuliza ili kila apitaye azisome bila kulipa. Haufanani wala na kibanda cha mama lishe, ambapo bei ya wali na maharage imeandikwa kwa mkono juu ya kipande cha ubao. Mpita njia huzoea kimya hiki cha kuta, kisha ghafula hutokea mahali ambapo rangi zote zimeanikwa nje kama nguo siku ya kufua. Hapo ndipo kwa wachoraji.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini ya nchi. Aliacha kwao akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, na yaelezwa kwamba alitumika katika nyumba ya Mzungu. Katika mwaka wa 1968 alianza kuchora. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alichora juu ya vipande vya ubao mwembamba wa aina itumiwayo kwa dari za nyumba, vya mraba, upande wake yapata futi mbili. Na rangi zake zilikuwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli na milango. Picha ziliuzwa Morogoro Stores kwa wageni waliokuja kununua mboga na matunda. Watu wa mahali husimulia kwamba alikuwa akikaa chini ya mbuyu. Akawafundisha ndugu na jamaa zake, miongoni mwao January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata, na huyu wa mwisho alikuja kupata sifa hata Japani. Katika mwaka wa 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi. Wanafunzi wake wakaendelea, na katika mwaka wa 1990 ukasajiliwa ushirika wa wachoraji unaochukua jina lake. Katika Kiswahili tingatinga ni mtambo wa kusukuma udongo na kulima. Siku hizi neno hilo limekuwa pia jina la aina ya picha, na watu wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Tuzitazame basi picha zenyewe. Kwa kuwa hatujajizoeza kusema juu ya picha, nitaazima maneno kutoka sanaa nyingine ambayo kila mwanamke wa pwani ni mhakiki wake, nayo ni khanga. Khanga ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Picha za Tingatinga mwenyewe zina mji tu. Pindo hana haja nalo, kwa sababu kingo za ubao zamtosha. Katika mji huweka mnyama mmoja, chui au fisi au ndege, mwili ukionekana kwa ubavu na uso mara nyingi umegeuka kumkabili mtazamaji. Nyuma yake ni rangi moja iliyopakwa kwanza ikaachwa ikauke. Hakuna kivuli wala mlima wa mbali. Mnyama hujaza nafasi yake kama neno zito linavyojaza mwisho wa ubeti, na macho yale hayamwachi mtu. Rangi ya baiskeli, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya sanaa, yang'aa kama kitu kibichi ingawa imekauka. Katika picha hizi rangi imekolea. Fundi alikuwa na vitu vichache, akavitumia vyote hadi mwisho wa nguvu zake, kama mkaanga muhogo aliye na chumvi, pilipili na ndimu tu.

Siku ile niliona picha mbili zilizoning'inia pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya ndege wawili juu ya tawi, na nyuma yao rangi ya samawati iliyoanza nzito chini na kupungua kidogo kidogo hadi juu. Manyoya yalichorwa kwa nukta, na kila nukta ilikuwa na mahali pake. Ukiondoa moja utaona pengo. Ya pili ilikuwa na tembo, twiga, simba, pundamilia na faru, wote chini ya mlima wenye theluji, na jua likichwa. Hapakubaki nafasi ya mkono mmoja isiyokuwa na mnyama. Yule twiga nilikuwa nimemwona katika kibanda cha kwanza, nikamwona tena katika cha tatu, shingo ileile, na madoa yaleyale. Picha ya kwanza ilikuwa imeiva. Ya pili ilikuwa na rangi nyingi kuliko ya kwanza, nayo ilikuwa chapwa.

Hapa wako wasemao: kosa la wachoraji hawa ni kunakili. Mmoja huvumbua, na ishirini hufuata. Mimi sikubali hukumu hiyo, na muhogo ndio ushahidi wangu. Yule kijana wa ufukoni hukaanga muhogo uleule jana, leo na kesho, wala hakuna amwambiaye kwamba ananakili. Fundi wa kuchonga milango hurudia ua alilofundishwa na mwalimu wake. Mshairi hutunga kwa mizani ambayo hakuivumbua. Katika sanaa zetu kurudia si aibu. Ndiyo njia ambayo mkono hupata akili. Tingatinga mwenyewe aliwafundisha jamaa zake kwa kuwaweka kando yake wachore kama achoravyo yeye. Basi ikiwa kurudia hakumharibu mkaanga muhogo, kwa nini kumharibu mchoraji?

Jibu nililipata nilipomkumbuka yule mama. Mkaanga muhogo hurudia mbele ya mlaji anayerudi. Mlaji huyo ana ulimi uliozoea, ana maneno ya kusema, na Jumapili ijayo atakuja tena au hatakuja. Na asipokuja, kijana atajua sababu. Kwa hiyo kila marudio hupita katika hukumu. Mchoraji hurudia mbele ya mgeni anayeondoka. Mgeni hununua mara moja, hukunja picha, huiweka katika sanduku, na keshokutwa yuko katika ndege. Hata kitu cha kuchorea kimebadilika kwa ajili ya safari hiyo: ubao mgumu umeachia nafasi kitambaa kinachokunjika. Ikiwa rangi itachuja au ikiwa twiga ni yuleyule wa kibanda cha jirani, mgeni hatarudi kusema. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nao wachoraji wamepona kweli, wamejenga nyumba na kusomesha watoto, jambo ambalo hakuna mtu wa haki atakayelidharau. Lakini mgeni aweza kumlisha fundi asiweze kumfundisha. Kazi ya kumwambia "ndani bado" ni ya mwenyeji.

Na mwenyeji yuko wapi? Yuko ufukoni anakula muhogo. Katika saa nzima niliyokaa kwa wachoraji niliona wageni saba wakisimama kutazama, na watu wa nchi wawili, mmoja wao akiwa dereva aliyewaleta wageni. Nilimwuliza mchoraji mmoja, mtu wa makamo, kama watu wa mjini humnunulia. Alicheka.

"Mwalimu, wenzetu hupita wakasema 'nzuri', basi wakaenda zao. Nzuri kivipi, hawasemi."

Maneno haya yaliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimesema "nzuri" katika vibanda vinne. Neno nzuri, lisemwapo peke yake, ni pilipili iliyopooza. Twaweza kutofautisha muhogo na muhogo kwa maneno kumi, na khanga na khanga kwa maneno mengine kumi. Lakini mbele ya picha tunakuwa mabubu, kana kwamba picha ni kitu cha watu wengine. Kumbe maneno ni yaleyale. Tumeyaacha nyumbani.

Yaweza kusemwa kwamba mtu wa kipato kidogo hana fedha za kutundika picha ukutani, na kwamba si haki kumtaka awe mhakiki wa kitu asichoweza kununua. Hoja hii ina uzito, lakini si uzito wote. Wengi wanaohukumu ngoma hawakulipa kiingilio, na anayesema jina la khanga halikufaa si lazima awe ameinunua. Tena kutazama kando ya barabara hakuna ada. Wahenga pia walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nathubutu kusema kwamba katika jambo la picha mwenye macho ahitaji kuambiwa, na kuambiwa na mtu wa kwao, kwa maneno anayoyajua. Wala tusijifiche nyuma ya methali nyingine, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale barabarani picha ya ndege wawili na picha ya wanyama watano huning'inia ukuta mmoja, na mara nyingi ile ya wanyama watano ndiyo itokayo kwanza. Chema hakijiuzi mahali ambapo hakuna ajuaye kukichagua.

Jambo la mwisho ni jina. Nimesema kwamba khanga ina pindo, mji na jina. Picha nyingi nilizoziona hazikuwa na jina lolote, au zilikuwa na jina la mchoraji tu pembeni. Mgeni huziita "tembo" au "ndege", basi. Kuna sanaa gani ya Kiswahili isiyopenda kupewa jina? Jahazi lina jina, basi la abiria lina maneno nyuma yake, khanga husema hata pale mvaaji aliponyamaza. Nilipomwuliza yule mchoraji picha ya ndege wawili yaitwaje, alifikiri kidogo akasema, "Hawa wamenuniana." Nikaitazama tena, na ni kweli: ndege mmoja alikuwa amegeuza shingo, na mwingine anatazama mgongo wake. Picha ilikuwa na habari ndani yake tangu mwanzo, nami sikuiona kwa sababu hakuna aliyeisema kwa lugha yangu. Kama jina hilo lingeandikwa chini ya tawi, nadhani hata dereva angesimama.

Chuo kinachokusanya maneno ya wavuvi, ya maseremala na ya washona majahazi hakikosi nafasi ya kukusanya maneno ya wachoraji, na ya wale watakaokubali kusimama mbele ya picha zao zaidi ya mara moja. Nami niliporudi kwa njia ileile jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na karai la muhogo lilikuwa bado motoni. Nimekwisha kupanga kurudi kwa yule mchoraji, nimwambie waziwazi kwamba mlima wenye theluji umempooza tembo wake, na kwamba wale ndege walionuniana wameiva hadi kati. Akikasirika, atakuwa na haki; hajazoea. Akinibadilishia, nitakuwa nimejifunza kazi yangu kwa mama mmoja wa ufukoni ambaye hakunitajia jina lake, na ambaye hakujua kwamba alikuwa akifundisha.